Wakala wa bima huanza kazi siku ya janga

Kijana aliyemaliza chuo na kukaa nyumbani miaka miwili akiitwa kwenye usaili wa uwakala wa bima, mara nyingi ataulizwa ana namba ngapi kwenye simu, anasali wapi, yumo kwenye magrupu mangapi ya WhatsApp, na kama ana ndugu walioajiriwa serikalini. Hayo ni maswali ya mtu anayetafuta orodha ya majina. Kijana hupewa mafunzo ya siku chache, fomu na lengo la mauzo la mwezi, kisha hutumwa kwa shangazi, kwa mwalimu wake wa zamani na kwa wenzake wa kwaya. Wanamkatia kwa kumwonea huruma. Baada ya miezi mitatu au minne majina yameisha, nauli imeisha, na yeye amerudi nyumbani na aibu ya kukwepa simu za shangazi anayeuliza karatasi zake ziko wapi. Kampuni inaita kundi jingine. Jambo hili limezoeleka kiasi kwamba linaonekana ndiyo tabia ya biashara yenyewe, na wenye nayo husema kazi hii "inachuja watu". Nasema inawapoteza watu, na pamoja nao inapoteza imani ya wateja waliowaamini. Thamani ya wakala wa bima hujulikana siku mteja anapofikwa na janga. Basi mafunzo yake, malipo yake na hata sababu ya kumchukua vianzie siku hiyo, na anayefikiria kuingia katika kazi hii leo aipime kwa kipimo hicho kabla hajasaini chochote.

Tulivyofika hapa kuna historia yake. Shirika la Bima la Taifa lilianzishwa mwaka 1963, na baada ya Azimio la Arusha la 1967 likakabidhiwa biashara yote ya bima Tanzania Bara. Kwa karibu miaka 30 hakukuwa na haja ya kumbembeleza mteja, kwa kuwa hakuwa na kwingine pa kwenda. Bima ilikuwa dirisha kama madirisha mengine ya ofisi za umma. Sheria ya Bima ya 1996 ikafungua soko, kampuni binafsi zikaingia, na wakala mwenye begi mkononi akaonekana mitaani. Lakini Watanzania wengi waliijua bima kupitia kwa trafiki. Bima ilikuwa ile stika ya kwenye kioo ambayo usipokuwa nayo unasimamishwa. Kizazi kizima cha mawakala kikajifunza kazi kwa kuuza kitu ambacho mnunuzi alikitaka kwa ajili ya kupita barabarani, na wala hakuuliza kingemsaidia nini akimgonga mtu. Matokeo tunayaona kwenye takwimu za Mamlaka ya Usimamizi wa Bima, TIRA: ada zote za bima zinazokusanywa nchini kwa mwaka zimekuwa zikizunguka asilimia 2 ya Pato la Taifa. Kenya, yenye soko kongwe na kubwa kuliko letu, nayo iko chini ya asilimia 3. Afrika Kusini imepita 10.

Sasa hata hiyo biashara ya stika inaponyoka mikononi mwa wakala. Stika imekuwa ya kielektroniki, na askari au mwenye gari anaweza kuihakiki kwa simu. Tangu 2019 benki zimeruhusiwa kuuza bima kwa wateja wao, na anayekopa gari au nyumba hukatiwa bima palepale kwenye meza ya mkopo. Hebu tupige hesabu. Tuseme bima ndogo ya gari la mtu binafsi ni shilingi 100,000 kabla ya kodi, na tuseme kamisheni ni asilimia 10. Kila stika inampa wakala shilingi 10,000. Ili apate 600,000 kwa mwezi anahitaji magari 60, yaani mawili kwa siku bila kupumzika Jumapili, na humo hajatoa nauli wala bando. Mwaka unaofuata wengi wa wale 60 watahuisha bima wenyewe kwa simu wakiwa kitandani. Anayeingia uwakala leo akitegemea stika anaingia kwenye shamba ambalo mwenye nalo ameshaanza kulivuna kwa mashine.

Hapo ndipo wengi huhitimisha kwamba kazi ya wakala imekufa. Mimi naona ndipo inapoanza, kwa sababu simu huuza bima upesi lakini haimwelezi mtu asiyejua kuuliza. Usiku wa Julai 10, 2021 moto uliteketeza soko kuu la Kariakoo. Januari 16, 2022 ukawaka Mchikichini, soko la Karume. Baada ya moto wa namna hii mazungumzo huwa kwamba wafanyabiashara wetu hawakati bima, na hilo ni kweli kwa kiasi kikubwa. Lakini kuna maumivu yasiyosemwa sana, ya mwenye duka aliyekata bima na bado akalipwa kidogo. Chukua duka la nguo lenye mzigo wa shilingi milioni 40. Mwenye duka anataka kupunguza ada, kwa hiyo anaandikisha mzigo wa milioni 10 tu, akijiambia kwamba duka zima haliwezi kuungua. Kweli haliungui lote. Unaungua upande mmoja, hasara ni milioni 8. Yeye anahesabu: nimekata bima ya milioni 10, hasara ni 8, nitalipwa 8. Kampuni inahesabu kwa kanuni ya uwiano: umekatia robo ya mali yako, utalipwa robo ya hasara yako. Anapewa milioni 2. Hakuna aliyemwibia, kanuni hiyo imeandikwa kwenye mkataba wake. Lakini yeye ataondoka pale na neno moja, kwamba bima ni wizi, na neno hilo litasikika kwenye vizimba vyote vya jirani kabla ya jioni. Dakika kumi za wakala anayejua kazi yake, siku ya kukata bima, akiwa na kalamu na karatasi mbele ya mwenye duka, zingebadilisha yote. Pengine mteja angeandikisha milioni 40 na kulipa ada kubwa zaidi. Pengine angekataa na kwenda zake. Yote mawili ni bora kuliko ile milioni 2.

Jambo la pili ambalo simu haitamfanyia mteja ni kumsaidia kusema kweli. Sheria ya bima tuliyoirithi kwa Waingereza inamtaka mwenye kukata bima aeleze kila jambo la maana analolijua kuhusu kile anachokikatia. Asili ya kanuni hiyo ni kesi iliyoamuliwa mwaka 1766 na Lord Mansfield. Gavana George Carter alikuwa ameikatia bima ngome ya Fort Marlborough, kisiwani Sumatra, isije ikatekwa na adui. Wafaransa wakaiteka mwaka 1760. Aliyeandika bima akakataa kulipa akidai kwamba Carter alificha udhaifu wa ngome yake. Jaji akaweka kanuni kwamba pande zote mbili zina wajibu wa kusema kweli, na tangu hapo wanaokataa kulipa fidia wameitumia kama ngao. Kinachosahaulika ni kwamba Carter alishinda. Ilionekana kwamba aliyeandika bima alikuwa na uwezo wa kujua hali ya ngome kama ile na alipokea ada bila kuuliza. Hakuwa na haki ya kukumbuka maswali baada ya hasara. Kila wakala mpya angefundishwa kesi hiyo wiki ya kwanza, na afundishwe upande wake wote.

Ipo nyingine inayomhusu wakala moja kwa moja. Mwaka 1929, katika shauri la ndugu wa Newsholme lililofika Mahakama ya Rufani ya Uingereza, mteja alimweleza wakala ukweli kuhusu basi lake. Wakala, kwa sababu ambazo hazikujulikana vizuri, akajaza majibu tofauti kwenye fomu, na mteja akaisaini. Basi likapata ajali, kampuni ikakataa kulipa, na mahakama ikaipa kampuni haki: aliyesaini fomu ndiye mwenye majibu yaliyomo. Yaani kalamu ya wakala ilitosha kumnyima mteja fidia aliyoilipia. Hukumu za aina hiyo bado husomwa katika nchi zinazofuata mfumo wa sheria wa Kiingereza, yetu ikiwamo. Sasa tazama fomu zinavyojazwa hapa kwetu. Gari linaandikwa "matumizi binafsi" kwa kuwa ada yake ni nafuu, kumbe jioni linabeba abiria wa programu za simu. Ugonjwa wa sukari unaachwa kwa kuwa ukitajwa fomu itarudi na swali, na swali litachelewesha kamisheni. "Weka saini hapa, mengine nitajaza mwenyewe ofisini." Sentensi hiyo inaonekana ni ya upole na ya kumwondolea mteja usumbufu, na ndani yake mna fidia itakayokataliwa miaka mitatu baadaye.

Kisha lije janga lenyewe. Saa nne usiku, fuso limegongana na gari dogo barabara ya Morogoro, karibu na Mikese. Dereva anampigia mwenye gari, mwenye gari anampigia wakala. Pale simu inapopokelewa, au inapolia mpaka ikakata, ndipo huyo mteja anapojua alinunua nini. Wakala anayejua kazi ataanza kuuliza kama kuna aliyeumia na kama polisi wameitwa. Atamwambia dereva asisaini karatasi yoyote ya kukubali kosa pale kando ya barabara wala kuahidi kulipa mtu, apige picha magari yakiwa bado yalipo, achukue namba za mashahidi. Asubuhi ataitaarifu kampuni kwa maandishi, kwa kuwa mkataba una muda wa kutoa taarifa na ukipita ni sababu nyingine ya kukataa. Atamfuatilia mteja mpaka apate fomu za polisi, PF 90 ya taarifa ya ajali na PF 93 ya ukaguzi wa gari, maana bila hizo jalada halitembei. Atamkumbusha asianze kutengeneza gari kabla mkaguzi wa hasara hajaliona, kosa ambalo wenye magari ya biashara hulifanya kwa haraka ya kurudi barabarani. Na malipo yakikaribia, atakaa naye kuisoma ile hati ya kuridhia, kwa kuwa akishaisaini amesema hana dai lingine. Hakuna hata moja kati ya hayo linalohitaji ufasaha wa kuuza. Yanahitaji mtu aliyefundishwa, mwenye daftari, na anayepokea simu usiku.

Wapo watakaosema kwamba nampa wakala mzigo usio wake. Kampuni ina kitengo cha madai. Wakala hana mamlaka ya kuamua nani alipwe, na kisheria yeye ni mwakilishi wa kampuni, tofauti na dalali wa bima ambaye hufanya kazi kwa niaba ya mteja. Wengine wataongeza kwamba wakala akijiingiza kwenye madai atashirikiana na mteja kughushi. Yote mawili yana uzito. Ni kweli wakala haamui, wala sitaki aamue. Lakini madai mengi hukwama kabla hayajafika kwenye uamuzi: fomu moja imekosekana, taarifa ilichelewa, mteja ameitwa mara tatu bila kuambiwa cha kuleta. Kulinyoosha jalada ni huduma kwa kampuni vilevile, kwa kuwa jalada lililonyooka huamuliwa upesi na kwa gharama ndogo. Na kuhusu udanganyifu, wakala anayemfahamu mteja wake, aliyeliona duka na kuandika kilichomo siku ya kwanza, ndiye shahidi ambaye mghushi asingependa awepo. Udanganyifu hustawi pale ambapo hakuna aliyeiona mali mpaka ilipoungua. Pale mteja na kampuni wanapokosa kuelewana kabisa, ipo Ofisi ya Usuluhishi wa Migogoro ya Bima iliyowekwa na Sheria ya Bima ya 2009, na wakala mwaminifu humwambia mteja kwamba ipo, hata kama meneja wake angependa isitajwe.

Hoja nzito kuliko zote ni ya njaa. Kijana anayeanza hana mshahara, na kamisheni inatokana na mauzo. Utamwambiaje atumie siku nzima kituo cha polisi kwa ajili ya jalada ambalo halimwingizii senti, wakati kodi ya chumba inadaiwa? Swali hili halijibiwi kwa kuwahubiria mawakala uadilifu. Linajibiwa kwa kutazama namna wanavyolipwa. Katika bima za maisha, kamisheni kubwa huja mwaka wa kwanza, kisha hushuka. Wakala anaambiwa kwa lugha ya fedha kwamba mteja mpya ni mali na mteja wa zamani ni mzigo, naye husikia. Ndiyo maana tuna mikataba yatima mingi, watu waliokatiwa bima ya elimu ya mtoto na wakala aliyeacha kazi, wakakosa michango miwili mitatu bila mtu wa kuwakumbusha, mkataba ukafa, na walipokwenda kudai wakakuta walichorudishiwa ni kidogo kuliko walichoweka, au hakuna.

Hata hivyo kwenye bima za kawaida, za magari, moto, mizigo na biashara, hesabu yenyewe inamtetea wakala anayetunza wateja, endapo atavumilia. Chukua mawakala wawili. Kila mmoja anapata wateja wapya 60 kwa mwaka, na tuseme kila mteja anampa kamisheni ya shilingi 40,000 kila anapohuisha bima. Wa kwanza anashughulikia madai ya watu wake, na kila mwaka wateja tisa kati ya kumi wanabaki. Wa pili anauza na kupotea, wanabaki wanne kati ya kumi. Mwaka wa kwanza wako sawa, 60 kwa 60, na huo ndio mwaka ambao kampuni huwapima. Mwaka wa tano wa kwanza ana wateja wapatao 245 na wa pili ana 99. Kwa shilingi, mmoja anapata karibu 816,000 kwa mwezi na mwenzake 330,000, ingawa wote wametafuta wateja wapya kwa jasho lilelile. Tena huyo wa pili, hata akiendelea mpaka uzeeni, hatazidi wateja 100, kwa sababu kila anachokichota kinavuja. Hii ni hesabu ya darasa la saba, na ndiyo sura halisi ya kazi hii.

Tatizo ni kuvuka miaka miwili ya mwanzo, kabla hesabu haijaanza kumlipa, na hapo ndipo kampuni zinapotakiwa kutoa fedha zao. Kampuni inayotaka wakala wa miaka kumi impe posho ya kuanzia, hata kama ni mkopo utakaokatwa kwenye kamisheni za baadaye, na posho hiyo ifungwe kwenye idadi ya wateja waliobaki na majalada aliyoyafikisha mwisho. Sehemu ya kamisheni ya mwaka wa kwanza ya bima za maisha ihamishiwe mwaka wa pili na wa tatu. Wataniambia ni gharama. Ni gharama kweli. Lakini kuchukua na kufundisha kundi jipya kila miezi sita nako ni gharama, ila imezoeleka kiasi kwamba haihesabiwi. Na kijana asiyepata posho hiyo aingie akijua: awe na kipato kingine cha kumshika, hata kibanda cha miamala ya simu, kwa muda usiopungua mwaka. Anayemwambia ataishi kwa kamisheni kuanzia mwezi wa pili hamtakii mema.

Kuna wanaosema kwamba yote haya ni bure kwa kuwa watu wetu hawana utamaduni wa bima. Siwaelewi. Nchi iliyojaa vikoba, vyama vya kuzikana na daftari za rambirambi haiwezi kusemwa haijui kuchangia hasara ya mwenzako kabla haijatokea. Tofauti ni kwamba kwenye kikoba mhazini anajulikana, kitabu kinafunguliwa mbele ya wote kila wiki, na mwanachama akifiwa fedha hutoka kabla ya maziko. Hicho ndicho kipimo ambacho mwananchi anakuja nacho kwa wakala, na ni kipimo cha haki. Wenye shaka ya kidini nao wamekuwa na sababu ya kusubiri, na palipokuja bima iliyojengwa kwa misingi yao waliitikia: Kenya, kampuni ya takaful, yaani bima ya misingi ya Kiislamu, iliyoanza 2011 ilipeleka bima ya mifugo Wajir mwaka 2013 na mwaka uliofuata ikawalipa wafugaji. Marsabit wafugaji walikuwa wameanza kukatiwa bima ya ukame tangu Januari 2010, na walilipwa mara ya kwanza Oktoba 2011, katika ukame mkali wa mwaka huo. Bima hizo hupima ukijani wa malisho kwa setilaiti na hulipa pale malisho yanapokauka kupita kiwango, mizoga haihesabiwi. Fikiria wakala anayeieleza bima hiyo kisimani. Akisema "ng'ombe wakifa utalipwa", ameuza haraka na amedanganya, kwa kuwa wako watakaopoteza mifugo bila malisho ya eneo lao kufika kiwango cha kulipwa. Akiieleza ilivyo, atachukua nusu siku, na baadhi watakataa. Lakini waliokubali watajua wanachongojea.

Bado lipo jambo ambalo anayeanza huwa haliwazi, nalo ni kampuni yenyewe kuanguka. Jirani zetu wa Kenya wameliona mara nyingi: United mwaka 2005, Standard 2009, Blue Shield 2011, na miaka ya karibuni Resolution, Xplico na Invesco. Nyingi kati ya hizo zilibeba matatu na magari mengine ya biashara, na zilipofungiwa, majeruhi waliokuwa na hukumu za mahakama mkononi hawakujua waende wapi. Mteja hamjui mkurugenzi wa kampuni. Anamjua jirani yake aliyemletea stika, na kwake ndiko atakakobisha hodi. Kwa hiyo wakala anapochagua kampuni ya kuiwakilisha, anaweka rehani jina lake katika mtaa ambao ataendelea kuishi hata kampuni ikifa. Mara nyingi kampuni yenye ada ya chini kuliko zote na kamisheni nono kuliko zote ndiyo inayohitaji fedha za leo ili ilipe madai ya jana. Ada ya chini isimvutie kabla hajajua madai yanalipwaje.

Njia rahisi ya kujua ni kuuliza watu wasio na cha kumuuzia. Kabla ya kusaini, aende kwenye gereji mbili tatu zinazotengeneza magari ya bima aulize ni kampuni gani inalipa gereji kwa wakati; mafundi wanalijua hilo kuliko ripoti yoyote. Aulize wenye maduka walioungua. Aombe kukaa wiki moja kwenye kitengo cha madai kabla ya kuanza kuuza, asome majalada yaliyokataliwa, aone ni maneno gani kwenye fomu yaliyoyaua. Kampuni itakayokubali ombi hilo inajua inatafuta mfanyakazi wa aina gani.

TIRA nayo isiishie kwenye mtihani na leseni. Inakusanya taarifa za kampuni zote kila mwaka. Ingetangaza kwa Kiswahili, kampuni kwa kampuni, ni madai mangapi yamelipwa, mangapi yamekataliwa, yamechukua siku ngapi, na ni mikataba mingapi ya maisha imekufa kabla ya mwaka wa tatu. Iagize pia kwamba wakala anapoacha kazi, kila mteja wake apelekewe ujumbe wenye jina na namba ya anayempokea, na kwamba huyo anayepokea mikataba yatima alipwe kamisheni ya kuhuisha kama aliyeiuza. Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote imeshapitishwa tangu 2023, na wananchi wengi ambao hawajawahi kukata bima yoyote watakuwa na kadi mkononi na maswali kichwani. Watakaowajibu ni vijana wanaoitwa kwenye usaili wiki hii.